Mwaka Usiokuwa na Mamono

Bungoma,
Februari 2026

Mwalimu mwenzangu Kassim,

Salaam aleikum. Hapa kwetu sote hatujambo, ila goti langu la kushoto limekataa kustaafu pamoja nami na bado lanisumbua kila mvua ikikaribia. Barua yako nimeisoma mara nikaisoma tena. Hongera kwa Idi kuitwa Shule ya Upili ya Alliance! Mwambie babu yake wa Bungoma amefurahi kama aliyeitwa yeye.

Umeniuliza shule hiyo ilitoka wapi, na mabwenini watamfanyia nini mjukuu wako. Najua hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi, lakini niache nianze na la kwanza. Mwalimu wa historia hata akipewa pensheni haachi kuanza mwanzo.

Ilifunguliwa pale Kikuyu tarehe 1 Machi 1926, kwa hiyo mwezi ujao inatimiza miaka mia. Wenyewe walikuwa ni misheni za Kiprotestanti zilizokuwa zimeunda muungano papo hapo Kikuyu mwaka 1918: Waskoti, Waanglikana wa CMS, African Inland na Wamethodisti. Usidhani walipendana sana. Miaka mitano kabla ya muungano huo, wamishonari wa madhehebu mbalimbali walishiriki meza ya Bwana pamoja hapo Kikuyu, na ugomvi uliozuka ukafika mpaka kwa maaskofu Uingereza. Lakini sekondari haikuwa kitu cha misheni moja kuendesha peke yake, basi wakashikana mikono. Mwalimu mkuu wa kwanza aliitwa Grieves, akakaa hadi 1940. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa alikuwamo Eliud Mathu, ambaye baadaye alifundisha hapo hapo, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Idi atasikia majina ya mabweni kama Livingstone, Wilberforce, Grieves na Aggrey. Mwulize Aggrey ni nani, umwone akikuna kichwa. Alikuwa msomi kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aliyefika Kenya mwaka 1924 na tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kuchunguza elimu ya Waafrika. Kati ya majina hayo manne, mimi hilo ndilo nililokuwa nikilisimulia darasani kwa moyo mmoja.

Baada ya Grieves akaja Carey Francis, na huyu ndiye utakayesimuliwa mpaka uchoke. Alikuwa amefundisha hisabati Cambridge, akaacha yote akaja Maseno mwaka 1928, kisha Alliance tangu 1940 hadi 1962. Kengele, ukaguzi, viatu, vitanda, sala: alikuwa mkali wa kutisha. Mimi simo katika wale wanaomfanya mtakatifu. Aliamini anajua kuliko Waafrika wenyewe ni Mwafrika wa namna gani anayefaa, na wapigania uhuru wa msituni hakuwataka hata kidogo. Lakini mtu hapimwi kwa upande mmoja. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ya vita vya Mau Mau, huyo huyo aliwalalamikia wakubwa wa serikali waziwazi juu ya ukatili wa askari wao. Na alipostaafu hakurudi kwao kunywa chai. Alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki mwaka 1966.

Miaka hiyo ya Hali ya Hatari ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Ndani ya ua vijana wanakariri Shakespeare, maana igizo lake la kila mwaka lilikuwa desturi kubwa ya shule. Nje ya ua vijiji vinabomolewa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia pale mwaka 1955. Likizo ya kwanza akarudi kwao Limuru akiwa na sare yake, akakuta nyumba hazipo, watu wamehamishiwa kijiji kipya cha serikali. Hebu jitie mahali pake, Kassim. Umetoka shule unayofundishwa kwamba dunia ina utaratibu, unafika penye mlango wa mama yako, hakuna mlango.

Wangapi wamepita pale nisikuchoshe. Oginga Odinga alipita, na Ngala wenu wa Pwani naye alipita. Tangu 1948 wasichana nao wana yao jirani. Leo ni shule ya umma ya kitaifa, na kuhusu swala la Idi usiwe na wasiwasi: kaulimbiu ya kuwa imara ili kutumikia haimbagui mtu, na akisumbuliwa kwa dini yake, Kifungu cha 32 cha Katiba kipo. Nenda ukaongee na mkuu wa shule mapema tu, kwa adabu, kabla neno halijaharibika.

Sasa mabweni.

Idi anaingia katika mwaka wa ajabu. Yeye ni Gredi ya 10, wa kwanza kabisa wa hiyo sekondari pevu ya mtaala mpya. Juu yake wako Kidato cha Tatu na cha Nne. Katikati hamna mtu, maana mwaka jana hakuna shule ya upili Kenya nzima iliyopokea Kidato cha Kwanza. Wale watoto walikuwa bado Gredi ya 9. Mwaka mzima nchi ilikaa bila mamono, yaani wale wageni wa Kidato cha Kwanza.

Wewe na mimi tulishaliona hili. Unakumbuka 1985? Waliokuwa darasa la saba mwaka 1984 waliambiwa hakuna CPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, nendeni la nane. Januari ilipofika, shule zote za upili zikafungua bila watoto wapya. Mimi nilikuwa mwalimu mchanga katika ile shule ya kwanza niliyopangiwa, unaijua, jina lake nisiliandike. Vijana wa Kidato cha Pili walirudi kifua mbele, wamemaliza mwaka wao wa kuteswa, wanangoja watu wa kuwapulizisha taa ya umeme kama mshumaa na kuwapimisha uwanja kwa njiti ya kiberiti. Hakuja mtu. Vitanda vya karibu na mlango, vile vya baridi, vikabaki na chaga tupu. Jioni ya kwanza nikamwona mmoja mwembamba kwenye foleni ya bomba na ndoo mbili, yake na ya mkubwa wake wa Kidato cha Nne, uso umekunjamana kama amedhulumiwa shamba. Walikuwa mamono miaka miwili mfululizo.

Nilidhani 1986 watalipiza maradufu. Wachache walijaribu. Lakini walikuwa sasa Kidato cha Tatu, wanajiona watu wazima, na wanaoingia walikuwa wamesoma mwaka mmoja zaidi kuliko wao walipoingia. Wengi wakaona aibu kumwambia mtu wa kimo chao aogelee sakafuni. Mchezo ule wa taa sikuusikia tena pale.

Tatizo ni kwamba pengo halichagui. Bweni moja lilikuwa na wimbo wa kushangilia mpira, beti tatu, wenye mafumbo matamu ambayo sisi walimu tulijifanya hatuyaelewi. Kazi ya kuufundisha ilikuwa ya Kidato cha Pili, wiki mbili za kwanza, usiku baada ya taa kuzimwa. Mwaka 1986 hapakuwa na Kidato cha Pili. Wale wa cha Tatu wakafundisha kiitikio tu, kwa haraka, wakaenda zao kulala. Nilipohamishwa, watoto walikuwa wakiimba kiitikio wakikirudia na kukirudia, wala hawajui kuna beti walizonyimwa.

Ndiyo maana nakwambia usihofu sana kuhusu mateso. Wanaotesa kwa kawaida ni wale waliotangulia mwaka mmoja, na safari hii hawapo. Si kwamba hawezi kuguswa; akiguswa aseme, na wewe upande basi uende mwenyewe, usitume ujumbe kwa simu. Lakini mnyororo ule umekatika, na mimi sitauombolezea.

Mambo makubwa ya Alliance hayatapotea. Kaulimbiu, sala ya shule, majina ya mabweni, hayo yako kwenye karatasi na kwenye midomo ya walimu. Yaliyo hatarini ni yale madogo ambayo hayajawahi kuandikwa: jina la utani la kona fulani, namna ya kupiga makofi bweni likishinda, nani hukaa wapi bwaloni na kwa nini. Piga hesabu. Novemba 2027 Kidato cha Nne cha mwisho kitafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuondoka. Mwaka 2028 Idi atakuwa Gredi ya 12, hakuna mkubwa juu yake, na lolote ambalo yeye na wenzake hawakulipokea litakuwa limekwisha. Tena wana miaka mitatu tu, si minne. Zamani wenye shule hasa walikuwa Kidato cha Sita, wale wenye ndevu. Kilipoondolewa, uranja ukawashukia vijana wa miaka kumi na saba. Sasa sijui utawashukia akina nani, na wamegawanyika njia tatu, sayansi huku, jamii kule, sanaa na michezo kule.

Basi nina ombi. Mnunulie Idi daftari moja la ziada, lisiwe la somo lolote. Aandike kila kitu ambacho wa Kidato cha Nne wanamwambia kuwa "hapa hufanywa hivi," hata kama ni upuuzi, hasa kama ni upuuzi. Nyimbo aandike beti zote. Likizo ya Aprili likija nyumbani, nipigie picha kurasa zake unitumie.

Sanduku la bati mnunulieni lenye kufuli mbili, na blanketi nzito. Kikuyu mwezi wa Julai si Malindi. Nisalimie Mama Rehema, mwambie ile achari imeisha.

Ni mimi nduguyo,
Wafula