Weusi wa muhogo hautokani na uchafu wa soko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makala yenu ya juzi kuhusu hasara wanayopata wachuuzi wa mihogo hapa Dar es Salaam. Mwandishi alidai kwamba mihogo huharibika upesi kwa sababu masoko ni machafu, akawahimiza wachuuzi wazingatie usafi. Usafi ni jambo jema, lakini hautauzuia ule weusi unaowatia hasara.

Wiki mbili zilizopita nilinunua fungu la mihogo Mabibo, nikaiosha na kuiweka jikoni. Siku ya tatu nilipoukata mmoja sikuona ukungu wala kusikia harufu yoyote, ila chini ya ganda palikuwa na duara la michirizi ya buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, kama wino uliopenya kwenye karatasi. Muhogo wa namna hiyo hata wakaangaji wa Coco Beach hawaupeleki kwenye karai.

Michirizi hiyo hujitokeza ndani ya saa 72 tangu kuvuna, kabla vijidudu havijaanza kazi yao, kwa kuwa muhogo uliong'olewa bado u hai na unapumua. (Nimefundisha Bayolojia miaka mingi, na hawakosekani wanafunzi wanaoandika kwamba mimea hupumua usiku tu.) Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kupumua hufanyika katika mitokondria, vyumba vidogo ndani ya seli ambamo elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, kutoka kwenye sukari hupokezanwa hatua kwa hatua hadi kuifikia oksijeni, na nishati inayopatikana njiani ndiyo inayoiendesha seli. Muhogo unapokatwa au kuchubuka, kemikali iitwayo linamarini hukutana na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kilichokuwa kimetengwa nayo, na hapo hutoka sayanaidi, sumu ileile inayotufanya tuloweke mihogo michungu. Sayanaidi huifunga hatua ya mwisho ya safari ya elektroni, nazo zikikosa pa kwenda huvuja na kuzalisha oksijeni kali zinazounguza seli. Weusi tunaouona ni matokeo ya mlipuko huo wa oksijeni kali.

Hata hivyo mitokondria za mimea, tofauti na zetu, zina njia ya pili ya kufikisha elektroni kwenye oksijeni, ambayo sayanaidi haiwezi kuifunga. Mwaka 2012 Tawanda Zidenga, Richard Sayre na wenzao walichapisha utafiti ambamo mihogo ilipewa jeni ya njia hiyo kutoka kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, na katika mihogo iliyooteshwa kwenye banda maalumu weusi ulichelewa kwa siku 14 hadi 21. Shambani pia ulichelewa, isipokuwa mimea ambayo jeni hiyo ilifanya kazi kwa nguvu zaidi ilitoa mavuno pungufu, jambo ambalo mkulima yeyote ataliuliza kwanza, na ana haki.

Siandiki kuipigia debe mihogo iliyobadilishwa jeni. Huo ni mjadala wake. Ninachosema ni kwamba njia hiyo ya pili imo katika kila muhogo wa kawaida, na sioni kwa nini watafiti wetu wasiipime katika mbegu tulizonazo, ikiwemo Kiroba inayolimwa sana Pwani, ili kujua zipi zinavumilia zaidi. Kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambacho kimeshughulikia kwa muda mrefu virusi vya mihogo, hakiko mbali na meza ya mwandishi wenu, na angeweza kwenda kuuliza.

Wakati tunasubiri, yapo mambo yasiyohitaji maabara. Kukata mashina wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa huchelewesha weusi, na kufukia mihogo kwenye mchanga wenye unyevu, kama walivyofanya bibi zetu, huizuia hewa isiifikie kwa wingi. Mchuuzi anayepokea mzigo wa Mkuranga alfajiri, mihogo ikiwa imebamizana kwenye lumbesa usiku kucha, angefaidika zaidi na maelezo hayo kuliko kuambiwa afagie kizimba chake.

Mwalimu wa Bayolojia,
Kimara, Dar es Salaam.