Nyimbo za soul zina watunzi, wapeni nafasi yao

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa nyimbo za zamani unarudia kosa lile lile kila wiki. Nyimbo za soul, muziki wa Wamarekani weusi, zinatajwa kwa jina la mwimbaji peke yake, na mwaka unaoandikwa mara nyingi ni wa sidii ya mkusanyiko, si wa santuri ya kwanza. Msomaji anabaki akiamini "Respect" ni utunzi wa Aretha Franklin.

Aliyeutunga ni Otis Redding, na aliutoa mwenyewe mwaka 1965 kwenye kampuni ya rekodi ya Volt. Aretha aliurekodi New York Februari 1967, na kufikia Juni ulikuwa namba moja Marekani. Zisikilize rekodi zote mbili moja baada ya nyingine. Kule kulitaja neno herufi moja moja hakumo kwa Otis; kulikuja na Aretha na ndugu zake, Carolyn na Erma. Saksofoni ya King Curtis pale katikati nayo ni nyongeza, na mpangilio wa sauti unaoibeba ulichukuliwa kutoka wimbo mwingine kabisa, "When Something Is Wrong with My Baby" wa Sam & Dave, uliotungwa na Isaac Hayes na David Porter. Pamoja na hayo yote, mtunzi anayetambuliwa ni Redding pekee. Jambo hili lina uzito wa fedha: redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji wake, mwimbaji halipwi. Aretha aliufanya wimbo ule upendwe dunia nzima, lakini kila ulipopigwa redioni kwao, malipo yalikwenda upande wa Otis.

Kuhakiki si kazi ngumu. Kwenye lebo, yaani karatasi ya katikati, ya santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, majina ya watunzi kwa kawaida yamo ndani ya mabano, kwa herufi ndogo, chini ya jina la wimbo. Msiyachanganye na jina la prodyuza, yaani msimamizi wa kurekodi, ambalo huandikwa mahali pengine. Mwaka ndio unaoponyoka zaidi, hasa unaponakiliwa kutoka intaneti, kwa sababu huko mara nyingi huwekwa mwaka wa mkusanyiko. Jihadharini pia na rekodi zilizorudiwa: waimbaji wengi wa miaka ya 60 waliingia studio upya baadaye, na makampuni ya sidii za bei rahisi yakazitumia rekodi hizo. Dalili zake ni sauti iliyozeeka, kinanda cha umeme cha kisasa, na urefu usiolingana na wa santuri. "Respect" ya Aretha haifiki dakika 2 na nusu.

"I Heard It Through the Grapevine" ndiyo inayowachanganya wengi. Watunzi ni Norman Whitfield na Barrett Strong. Gladys Knight & the Pips waliutoa 1967; Marvin Gaye alikwisha kuurekodi kabla yao, lakini santuri yake ilitoka 1968 na kukaa namba moja wiki 7. Kwa hiyo si kweli kwamba Marvin alimuiga Gladys, kama ukurasa wako ulivyoandika.

Lebo nayo haimalizi kila kitu. "When a Man Loves a Woman" ya 1966 imeandikwa Calvin Lewis na Andrew Wright, na Percy Sledge alieleza baadaye kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaachia haki ya utunzi. Hapo andikeni majina ya kwenye lebo, kisha mwongeze sentensi moja ya maelezo.

Mkianza kutaja watunzi, wasomaji wataona undugu wa nyimbo. Steve Cropper, mpiga gitaa wa kampuni ya rekodi ya Stax kule Memphis, alitunga pamoja na Wilson Pickett, na Eddie Floyd, na Otis. Tunaomba kila wimbo uandikwe hivi:

"In the Midnight Hour", Wilson Pickett. Watunzi: Pickett na Cropper. Atlantic, 1965.

"Knock on Wood", Eddie Floyd. Watunzi: Floyd na Cropper. Stax, 1966.

"(Sittin' On) The Dock of the Bay", Otis Redding. Watunzi: Redding na Cropper. Volt, 1968, baada ya kifo cha Redding cha Desemba 10, 1967.

Wasomaji wako, wakusanyaji wa santuri