Bei ya kipande si gharama ya kipande: kwa nini tunashauri utengenezaji kwa oda

Wateja wengi wanaoulizia kazi kwenye karakana yetu, inayochapa kwa 3D na kuchonga vipande vya plastiki na chuma, huanza na swali moja: kipande kimoja ni bei gani? Ni swali la haki. Lakini ukiliangalia peke yake litakupoteza. Kiwanda kinachotoa vipande 5,000 kwa mkupuo kitakupa bei ya chini kuliko sisi tunaokutengenezea 20, na hilo hatulibishi. Hesabu inayosahaulika ni ile inayoanza baada ya mzigo kushushwa: nafasi ya kuuhifadhi, mtu wa kuulinda na kuuhesabu, na mtaji uliolala humo ilhali ungeweza kulipa mishahara au kununua bidhaa inayotoka haraka. Halafu modeli ikibadilika, vilivyobaki haviuziki tena.

Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alitaja aina 7 za upotevu kiwandani. Uliomtia wasiwasi kuliko yote ni kuzalisha kupita mahitaji, kwa sababu huo huzaa mwingine. Ukizalisha cha ziada, utakihifadhi, utakihamisha huku na kule, na kasoro iliyomo utaigundua ukiwa umeshairudia mara elfu.

Utengenezaji kwa oda unaanzia upande wa pili: oda kwanza, kipande baadaye, kwa idadi unayohitaji sasa. Unachohifadhi wewe ni faili la mchoro.

Pengine unajiuliza kwa nini viwanda vingi havipokei oda ndogo. Sababu kubwa kwenye plastiki ni kalibu. Ili plastiki iliyoyeyushwa isindiliwe na kutoka na umbo lako, lazima kwanza chuma kichongwe umbo hilo kinyume chake, kiwekewe njia za maji ya kupoza na pini za kusukuma kipande nje. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na gharama yake ni ileile utoe kipande kimoja au 100,000. Ndiyo maana mwenye kiwanda anataka oda kubwa: anatafuta vipande vya kutosha kuigawanya gharama ya kalibu. Printa ya 3D haina kalibu. Inajenga kipande tabaka kwa tabaka, mara nyingi kwa unene wa milimita 0.1 hadi 0.3. Mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta, nayo inachonga moja kwa moja kutoka kwenye bonge la alumini, chuma au plastiki. Maandalizi yapo, hasa kwenye CNC, ambako fundi lazima aandike programu na kufunga bonge sawasawa, lakini ni ya saa, si ya wiki.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni uhuru wa kurekebisha. Chukua kishikio cha plastiki kinachobeba kihisi (sensor) kwenye mashine inayotikisika. Baada ya muda kinaanza kupasuka, na ukikitazama vizuri utaona ufa umeanzia kwenye kona ya ndani, pale ukuta unapokutana na kitako. Kona kali hukusanya mkazo wote mahali pamoja. Dawa yake ni kuiviringa kona hiyo, tuseme kwa nusu kipenyo cha milimita 2, na kunenepesha ukuta kidogo. Kwenye faili ni kazi ya dakika chache, na oda inayofuata inatoka ikiwa imeshapona. Kwenye kalibu, kuongeza plastiki kunawezekana kwa kuchonga chuma zaidi. Kupunguza plastiki ndiyo balaa, kwa kuwa itabidi chuma kijazwe kwa kulehemu kisha kichongwe upya. Na mwenye vipande 5,000 vyenye ufa uleule stoo atafanya nini?

Vipuri ni eneo lingine ambalo njia hii inalipa. Mashine ya miaka mingi inasimama kwa sababu ya gia ndogo ambayo aliyeiunda haitengenezi tena. Kampuni kubwa zimeliona hilo: Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, huchapa baadhi ya vipuri vyake kwa 3D, na kitengo cha malori cha Mercedes-Benz kilianza kutoa vipuri vya plastiki kwa njia hiyo mwaka 2016.

Kuna pia suala la usafirishaji. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kwenye Mfereji wa Suez na kuuziba kwa siku 6, na bidhaa za watu zikakaa baharini. Sisi pia tunategemea malighafi inayosafiri, hilo ni kweli. Tofauti ni kwamba bamba moja la alumini linaweza kuwa kipande chochote kinachohitajika wiki hii, wakati kontena la vifuniko ni vifuniko tu.

Sasa upande ambao njia hii haifai. Tuseme gharama ya kalibu ni sawa na ya kuchapa vipande 1,000. Ukihitaji vipande 60 kwa mwaka, kalibu hiyo haitarudisha fedha yake hata baada ya miaka 16. Ukihitaji 4,000 kila mwezi na mchoro umetulia, mwezi wa kwanza hautaisha kabla haijajilipa, na tutakuambia wazi uende kwenye kalibu. Wengi wanafanya vyote viwili: wanaanza na vipande vichache, wanasikiliza watumiaji, wanarekebisha, kisha wanachonga kalibu mauzo yakishatulia. Fahamu pia kwamba kipande kilichochapwa huwa dhaifu zaidi kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo tunahitaji kujua nguvu itavuta upande gani kabla ya kukilaza kwenye printa.

Ukituma oda, tuma faili la STEP, yaani mchoro wa 3D unaobeba maumbo na vipimo kamili. STL, inayochora umbo kwa pembetatu ndogondogo tu, inatosha kwa kuchapa, lakini kwa kuchonga inatuchelewesha. Tueleze kipande kitakaa kwenye joto gani, kama kitaguswa na mafuta au kupigwa jua, na vipimo vipi ni vya lazima. Shimo linalopokea beringi linastahili usahihi wa sehemu ya mia ya milimita. Ukingo wa nje usiogusa kitu haustahili, na kudai usahihi huo kila mahali kunapandisha bei bure. Kama huna mchoro, lete kipande kilichovunjika na mapande yake yote. Usikiunge kwa gundi, maana gundi hubadilisha vipimo.