Roboti za shule zitoke kabatini, na ziwe za kufungulika

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hizi roboti za shule maana saivi imekuwa fasheni. Msimu wa kuandikisha watoto ukipita barabarani kila bango la inglishi midiamu utakuta mtoto kashika kigari chenye macho mawili mbele, chini imeandikwa kodingi na robotiki, yaani kuandikia kompyuta maagizo na kuunda roboti, alafu ukichukua fomu ya ada unakuta kuna mstari mpya umeongezwa, mchango wa roboti. Mi sipingi hata kidogo. Mi ni fundi wa redio na simu hapa Temeke, nina watoto wanasoma, na ningefurahi sana wajue haya mambo kwa kufundishwa na sio kwa kupigwa shoti kama sisi. Ila wazazi tunalipia kitu ambacho wengi wetu hatujui hata tuulize nini, na shule nazo zinanunua kwa kuangalia boksi lilivyong'aa, mwisho wa siku hela inaenda kwenye vitu ambavyo mtoto haruhusiwi kuvigusa na bisibisi. Hiyo ni toi tu, na toi zipo Kariakoo bei chee.

Kuna shule moja, sitaitaja, nilienda kwenye mahafali ya mtoto wa dada yangu. Roboti zikaletwa mezani, zikacheza muziki, zikainua mikono, mgeni rasmi akapiga nazo picha, wazazi tukapiga makofi. Baadae nikamvuta yule kijana pembeni nikamuuliza mjomba, humo ndani kuna nini? Akanijibu, "Anko sisi hatujawahi kufungua, ticha anakuja nazo tunabonyeza kwenye tableti alafu anazirudisha kwenye kabati la mkuu." Mtoto yuko darasa la saba na huo mchango umelipwa tangu yuko la tano.

Sasa ngoja niseme kwanini kufungua ndo kila kitu. Chukua yale macho mawili ya kigari, ambayo kila mtu anadhani ni kamera. Sio macho bana, moja ni spika ndogo na jingine ni sikio. Spika inatoa mlio mkali ambao sisi hatuusikii, mlio unaenda unagonga ukuta unarudi, sikio linaudaka, na ile bodi, yaani kile kibao cha vipande vya umeme ambacho ndo ubongo wa kigari, kazi yake ni kuhesabu muda tu. Sauti hewani inakimbia kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo ukuta ukiwa sentimita 10 mbele mlio unarudi hata milisekunde moja haijaisha. Na hapo mtoto lazima agawanye kwa mbili kwasababu sauti imeenda na kurudi, asipogawanya roboti itadhani ukuta uko mbali mara mbili na itaugonga. Hili si ndo swali la mwangwi la fizikia ambalo tulikaririshwa sekondari na kijana kasimama mbele ya jabali anapiga kelele! Sisi tulikariri fomula. Huyu mtoto akisahau kugawanya anaona kigari kinajigonga ukutani, na hatasahau tena.

Au chukua hili la mota. Vile vigari vya bei rahisi vina mota mbili za njano, moja kila gurudumu. Zimetoka kiwanda kimoja, zinafanana kila kitu, lakini ukiziwasha pamoja kigari hakiendi sawa, kinavuta kushoto au kulia, maana hakuna mota mbili duniani zinazozunguka sawasawa. Mtoto anatakiwa apunguze umeme kidogo upande mmoja, ajaribu, apunguze tena, na akichoka kukisia ndo unamwonesha sensa, yaani kifaa cha kuhisi, ya kuhesabu mizunguko ya gurudumu ili bodi ijirekebishe yenyewe. Na betri je? Wauzaji wengine wanaweka ile betri ya mraba ya volti 9 kwasababu ni rahisi kuchomeka, lakini ile haina nguvu ya kusukuma mota, mota zikianza tu kuvuta umeme bodi inazima na kuwaka upya, mtoto anadhani programu yake, yale maagizo aliyoiandikia bodi, ndo mbovu anaanza kulia. Kuna pia kile kibodi chekundu cha kuendeshea mota ambacho chenyewe kinakula karibu volti 2, ukiweka betri nne za kawaida unapata volti 6 alafu mota zinafikiwa na kama 4 hivi, kigari kinatetemeka tu hapo kilipo. Mwalimu asiyejua hili atasema roboti imeharibika, na boksi litarudi kabatini moja kwa moja.

Jingine ni vile vigari vya kufuata mstari mweusi sakafuni, nacheka sana nikiona vinavyosumbua kwenye madarasa yetu. Vinatumia mwanga usioonekana, kama ule wa rimoti ya tivii, mwanga unarushwa chini, sakafu nyeupe inaurudisha na mstari mweusi unaumeza. Shida ni kwamba jua nalo lina mwanga huohuo tena mwingi kweli, na madarasa yetu madirisha wazi, saa nne asubuhi jua limeingia mpaka katikati ya chumba, kigari kinachanganyikiwa. Ndo hapo somo linapoanza, watoto wakate katoni wakifunike kigari kwa chini, au wapime upya nyeusi inasomeka ngapi na nyeupe ngapi kwa mwanga wa saa hiyo. Hakuna video ya kwenye intaneti itakayokwambia habari za dirisha la darasa lako.

Watu wanadhani haya mambo ni mapya, kumbe ni ya zamani na yana mkono wa Mwafrika, au niseme mtu aliyezaliwa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akafanya kazi Geneva na Jean Piaget, yule mtaalamu wa jinsi watoto wanavyofikiri, alafu akaenda Marekani chuo cha MIT. Mwaka 1967 yeye na wenzake wakina Wally Feurzeig na Cynthia Solomon wakatengeneza Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, na baada ya hapo wakaiunganisha na roboti inayotembea sakafuni waliyoiita kobe. Mtoto anaiambia nenda mbele 100, pinda kulia 90, akirudia mara nne kobe kachora mraba kwa kalamu. Hoja ya mzee ilikuwa kwamba mtoto anajifunza vizuri akiwa anaunda kitu chake, akikosea anakaa analitafuta kosa mwenyewe bila kuogopa fimbo. Kampuni ya LEGO, ile ya toi za vipande vya kuunganisha, ilipotoa roboti zake mwaka 1998 ikaziita Mindstorms, jina la kitabu cha huyo mzee cha 1980.

Na hizo Mindstorms ndo funzo letu sisi wanunuzi. Ni nzuri kweli, sikatai, mtoto anafungua anafunga hata mara mia. Ila toleo la 2013 kule Marekani lilikuwa linauzwa kama dola 350 boksi moja, weka usafiri na ushuru mpaka ifike hapa uone. Alafu mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba inasitisha Mindstorms mwisho wa mwaka huohuo, na aplikesheni ya kuendeshea lile toleo la mwisho wakaahidi kuitunza mpaka mwisho wa 2024. Sasa fikiria shule ya huku iliyochangisha wazazi mwaka 2021 ikanunua kumi. Kampuni haijavunja sheria yoyote, ni biashara yao, ila waya wao una kichwa chake peke yake na mota yake Kariakoo huikuti kirahisi, ikifa imekufa. Na kama LEGO wenyewe wanaweza kufunga duka, hizi kampuni ndogo ambazo roboti yake haiwaki mpaka ufungue akaunti na uwe na bando ndo usiseme, siku wakizima mtambo wao huko walipo umebaki na plastiki.

Kuna njia nyingine. Mwaka 2005 kule Ivrea, mji mdogo wa Italia, walimu wa chuo cha usanifu wakina Massimo Banzi walitaka bodi rahisi ya wanafunzi wao, wakatengeneza Arduino, na jina wamelitoa kwenye baa waliyokuwa wanakunywa. Wakafanya jambo moja la maana, michoro yote wakaiachia wazi, mtu yeyote duniani akitaka kutengeneza bodi ya hivyo anatengeneza. Ndo maana leo kuna za Italia na kuna za China za bei ya chini zinazofanya kazi ileile, na mota, sensa, waya, vingi vinaingiliana haijalishi vimetoka kwa nani. Kikiungua kipande unanunua kipande, hununui boksi. Na programu ya kuiandikia ni ya bure, unaiweka kwenye laptopu mara moja na baada ya hapo bando halihitajiki. Kwa watoto wadogo kuna Scratch, ilitoka MIT mwaka 2007, mtoto anapanga vipande vya rangi badala ya kuandika, nayo ni bure, inakaa kwenye kompyuta bila intaneti na unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili. Shule ngapi zinajua hilo? Maana wanangu wanafundishwa kwa Kingereza kitupu, mtoto anapambana na lugha mbili kwa wakati mmoja.

Uingereza mwaka 2016 walifanya kitu ambacho mi nakipenda mpaka leo. BBC na washirika wake waligawa bure vile vibodi vya kujifunzia kompyuta vya micro:bit, vina vitaa 25 na vitufe viwili, kwa watoto wa miaka 11 na 12, karibu milioni moja. Wakapewa wakaondoka navyo. Kikae kitandani, kikalie sahani ya chakula, kaka mtu akiharibu, sawa. Najua sisi hatuna hela ya BBC na darasa letu la serikali lina watoto wangapi kila mtu anajua, sisemi kila mtoto apewe. Nasema hata hizo chache tulizochangia, kikundi cha watoto wanne wapewe kigari kimoja wakae nacho wiki nzima, waende nacho nyumbani kwa zamu. Kitavunjika ndio, na mtu wa kukitengeneza wanaye.

Mana hapo ndo nashangaa zaidi, shule inaleta mwalimu wa roboti kutoka kampuni ya mjini analipwa kwa kipindi, na nje ya geti la shule kuna fundi redio ameinama analehemu bodi ya simu ambayo vipande vyake huwezi kuviona bila lenzi. Hawa watoto wakija kijiweni kwangu wakiwa na magari yao ya waya yenye magurudumu ya ndala naona kabisa nani ana mkono, kuna mmoja mwaka huu kaweka usukani unaokata kona kweli, hajafundishwa na mtu. Ukimpa huyo mota mbili na betri hatakuuliza tableti iko wapi. Serikali yenyewe kwenye sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali ili watoto washike vitu kwa mikono, sasa roboti isiyofunguliwa inaingia wapi humo?

Na tafadhali walimu, mkigawa vikundi angalieni nani anashika bisibisi. Nimeona mara nyingi wavulana wanajazana kwenye kigari na wasichana wanapewa daftari waandike ripoti. Binti yangu mimi nimemfundisha kulehemu, na waya anaouchoma yeye ni msafi kuliko wa vijana wangu wawili wa kijiweni, ila shuleni kwao ndo mwandishi wa kikundi.

Kwahiyo wazazi wenzangu, kwenye kikao tusiulize roboti ni ngapi. Tuulize mota ikiungua inanunuliwa wapi na shilingi ngapi, tuulize inawaka bila intaneti? Je mtoto anaruhusiwa kuifungua mpaka nati ya mwisho, na mwalimu wa kawaida wa sayansi ameshawahi kuiunganisha kwa mkono wake au anamsubiri yule wa mjini? Shule ikijibu vizuri mi sina neno, hata mchango uongezwe kidogo nitatoa. Shule zinazotaka msaada wa Jumamosi mafundi tupo, wengine hatutadai hela nyingi, nauli na chai inatosha, bora tukute vitu vya kufungulika. Mi mwenyewe muhula ujao mchango nitalipa, ila risiti yangu nataka ije na orodha ya vipuri na jina la duka linaloviuza.

Fundi na mzazi,
Temeke, Dar es Salaam