Risala ya Kikundi cha Uhifadhi wa Visukuku kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa serikali, wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara umeiona mwenyewe, na ombi letu linaigusa pia. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kilima chetu cha Tendaguru, hapa mkoani Lindi, ni ndefu nasi hatutaki kukuchosha. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani aliiona hapa mifupa ya dinosaria iliyotokeza juu ya ardhi. Kati ya 1909 na 1913 wazee wetu waliichimba, wakaifunga na kuibeba hadi bandari ya Lindi, na zaidi ya tani 200 zikavuka bahari kwenda Berlin.

Wengi humjua mjusi mmoja tu, Giraffatitan, aliyesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha mita 13 na ushei. Wenzake hawatajwi. Yupo Kentrosaurus, mla majani wa mita nne na nusu hivi, mwenye vibao mgongoni na miiba mirefu hadi mkiani. Yupo Dicraeosaurus, ambaye shingo yake ni fupi kwa jamaa wa ukoo wake na miiba ya uti wa mgongo wake imegawanyika kama panda ya manati. Australodocus bohetii alipewa jina mwaka 2007 kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Mwaka 2019 akatajwa Wamweracaudia keranjei, yaani mkia wa Wamwera, kabila la huku kwetu, kwa heshima pia ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji. Majina ya watu wetu yamo kwenye sayansi ya dunia, Mheshimiwa.

Kwa upande wa mafanikio, kikundi kimepiga hatua kubwa. Kimetoa elimu kwa shule zote za jirani, kimeweka daftari la kumbukumbu lenye mpangilio wa hali ya juu, na kimefanikisha kwa asilimia mia moja kuzuia wanachama wake wasichimbe hata kipande kimoja bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwenye jambo lililotuita hapa.

Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 ukishatokeza juu, hauna muda. Udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na kila mara ufa huongezeka. Mizizi ya nyasi huingia kwenye ufa huo. Moto wa kusafisha mashamba ukipita juu, ganda la nje la mfupa hubanduka vipandevipande. Kinachobaki ni changarawe ya rangi ya kahawia ambayo hakuna mtaalamu atakayeitambua.

Dawa yake inajulikana. Wataalamu wenye kibali husafisha juu kwa brashi, huacha mfupa ukauke, kisha hunywesha nyufa gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Huanza na nyepesi sana ili ipenye. Ukianza na nzito, inakaa juu kama ngozi na ndani kunabaki unga. Hufuata karatasi laini iliyoloweshwa maji. Hatua hii ikirukwa, plasta, ule unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji, hushika mfupa na kuubandua siku ya kufungua. Ndipo vinakuja vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka mbili au tatu, na miti ya kukaza juu yake. Plasta humwagwa kwenye maji, si maji kwenye plasta, la sivyo hufanya madonge. Ikishakauka, huandikwa namba, tarehe, mahali na mshale wa kaskazini. Mfupa usio na maandishi hayo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sayansi.

Tatizo, Mheshimiwa, ni plasta yenyewe. Hunyonya unyevu wa hewa, na mfuko uliokaa mahali pabichi masika moja haugandi tena. Mwaka juzi, kwenye sherehe kama hii, tuliahidiwa chumba cha kuhifadhia. Jiwe la msingi liliwekwa, picha zikapigwa, nasi tulishukuru kwa dhati. Kilichofika ni mifuko minane ya plasta, bila chumba. Ililala barazani masika nzima, na leo imekuwa mawe. Mwaka jana tulikumbusha kwa barua, tukajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Jiwe la msingi bado lipo, Mheshimiwa. Utalipita ukielekea kwenye gari.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba chumba kimoja cha mita tano kwa nne. Sakafu iinuliwe sentimita 60, kwa ajili ya maji na mchwa. Mlango uwe wa mbawa mbili wenye upana wa mita moja na nusu. Hapa tunasisitiza, maana ramani tuliyoonyeshwa ina mlango wa sentimita 80. Bonge la mfupa na mwamba wake lenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40 hupita kilo 500, na huingia likiwa juu ya miti, watu wakiwa pande zote mbili. Kwenye mlango mwembamba litapasukia kizingitini.

Tunaomba pia mapipa sita yenye vifuniko vya kubana kwa ajili ya plasta, mifuko 20 ya kilo 25 iletwe baada ya chumba kukamilika na si kabla, na kilomita chache za mwisho za barabara zichongwe ili lori lifike wakati wa kiangazi.

Tungefarijika, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kama utatutajia leo mwezi wa kuanza ujenzi, na katibu wetu auandike kwenye daftari mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.