Digrii haikupeleki kwenye uofisa, unaomba mwenyewe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wanaojiunga na jeshi la Marekani iliniletea simu saa sita usiku. Mpwa wangu amemaliza chuo kikuu na ana kibali cha ukaazi wa kudumu kule. Alikuwa amefika kwenye sentensi yenu isemayo kwamba mwenye shahada huingia jeshini akiwa ofisa. "Mjomba, kumbe mimi naanza na nyota!" Nikamwambia alale, tutaongea asubuhi. Kwanza, katika jeshi la nchi kavu la kule nyota ni za majenerali. Luteni usu huvaa kipande kimoja cha rangi ya dhahabu, na kabla ya kukivaa kuna mambo ambayo makala yenu iliyaruka.

Mimi niliingia mwaka 2009 nikiwa na digrii ya ualimu, nikatoka na cheo cha sajini. Kibali cha ukaazi kinakuruhusu kuwa askari, lakini hakuna kamisheni, yaani kufanywa ofisa, mpaka uwe raia. Kwa hiyo mhamiaji mwenye shahada huanza upande wa askari, apende asipende. Hata huko masomo yana uzito wake: mwenye krediti 24 za chuo (vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kufikia shahada) anaweza kuanzia E-2, yaani ngazi ya pili ya askari asiye ofisa, mwenye 48 E-3, na mwenye shahada kamili E-4, ngazi ambayo mshahara wake ni sawa na wa koplo. Ni nafuu, sikatai. Ila kwenye mafunzo ya ukuruti hakuna aliyeiona hiyo nafuu yangu. Nilisugua vyoo na vijana wa miaka 18, na jina langu likawa "Profesa", hasa siku niliposahau kufunga kamba za buti.

Uraia ulikuja haraka kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa askari wana njia yao ya kisheria isiyowalazimu kungoja miaka mitano kama wakaazi wengine. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu mwenyewe. Nilikaa nikisubiri kuitwa. Nilidhani kuna karani mahali fulani ataifungua faili yangu, aone digrii, aseme huyu apelekwe shule ya maofisa. Hakuna karani wa namna hiyo. Unaomba wewe, na barua za makamanda wako, unahojiwa na jopo, unapimwa afya, na unaonyesha alama zako za mtihani wa kuingilia jeshini. Kwenye kipengele kiitwacho GT, kinachopima lugha na hesabu, shule hiyo inadai angalau 110. Mimi nilikuwa na 104. Misamiati ya Kiingereza ilinikaba. Nikarudia nikapata 113, lakini kufikia hapo tulikuwa tunajiandaa kwa safari ya ng'ambo, nikaahirisha. Nikaahirisha tena. Umri nao una kikomo chake kwa anayetaka kamisheni.

Njia zenyewe si moja. Kuna chuo cha kijeshi cha West Point, miaka minne, unatoka na shahada na kamisheni kwa pamoja na deni la miaka mitano ya utumishi. Kuna ROTC, mafunzo ya kijeshi ndani ya vyuo vya kiraia, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alipitia huko katika chuo cha City College, New York, akapata kamisheni mwaka 1958, na baadaye akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Kwa aliyekwisha kuhitimu kuna shule ya maofisa iliyoko Georgia, wiki 12. Madaktari, wanasheria na viongozi wa dini wana mlango wao, na huweza kuanza juu ya luteni usu.

Watu hufikiri digrii lazima iwe ya uhandisi au ya mambo ya kivita. Kamanda wa platuni yangu wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 23 aliyesomea muziki. Alipiga filimbi vizuri, ramani ilimsumbua. Nilimpigia saluti kila asubuhi, kisha akawa ananiuliza pembeni, "Sajini, hapa ungefanyaje?" Hakuona aibu kuuliza, na ndani ya mwaka alikuwa kamanda mzuri kuliko wawili waliomfuata.

Na katika seksheni yangu alikuwapo kijana aliyeingia bila digrii, ana krediti zake chache tu, E-2. Aliuliza maswali ambayo mimi sikuuliza. Akaomba mpango uitwao Green to Gold, unaomrudisha askari chuoni akamalize shahada huku akifunzwa uofisa. Siku ya kamisheni yake aliniita nimpigie saluti ya kwanza, na kwa desturi yao akanipa sarafu ya dola ya fedha. Ninayo hapa mezani ninapoandika. Nilifurahi kwa dhati, ingawa nitakuwa mwongo nikisema sikuumia hata kidogo.

Mpwa wangu nimempa kazi mbili kabla hajasaini chochote. Cheti chake ni cha chuo cha nje ya Marekani, hivyo akipeleke kwenye tathmini itakayoonyesha kinalingana na shahada ipi ya kule; bila karatasi hiyo ataandikwa kama asiyekanyaga chuo, na cheo cha kuanzia huandikwa kwenye mkataba. Pili, afanye mazoezi ya mtihani mpaka 110 iwe nyuma yake, maana shule ya maofisa ataihitaji baada ya uraia na sitaki aanze kuhangaika wakati huo. Jana alinitumia picha ya jaribio la kwanza: 107.

Sajini mstaafu