Nani aliyewaambia Mpanda hatuhitaji treni?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya, lakini habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu stesheni ya Mpanda imenikera. Mwandishi wenu alifika mwisho wa reli siku isiyo na treni, akakuta jukwaa tupu, akahitimisha kwamba kwa kuwa lami ya Tabora imefika, wananchi hawaihitaji tena reli. Alimuuliza nani?

Lami inapita Sikonge, Ipole na Inyonga. Reli inatoka Kaliua, inavuka mto Ugalla. Ni njia mbili tofauti, zenye watu tofauti. Aliye kando ya reli, katikati ya miombo, wakati wa masika, hiyo lami ataifikiaje? Kilometa 210 za tawi hili zilijengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa zamani; watu wakabaki, wakaongezeka, na tangu 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Leo ndiyo reli imepitwa na wakati?

Mimi nauza asali. Mwaka jana nilikwenda Tabora kwa basi, ndoo nimezifunga vizuri, vifuniko nimevikaza kwa mpira. Kondakta alichukua nauli, kisha akatoza kila ndoo kwa bei aliyoibuni palepale, risiti hakunipa. Inyonga wakapanda abiria wenye mizigo mikubwa. Ndoo zangu zikatolewa kwenye buti bila kuulizwa, zikaachwa vumbini. Nilikuja kujua tumeshafika Tabora. Nilipodai nikajibiwa kwamba mzigo ni jukumu la mwenyewe! Ile asali ilikuwa ada ya wanangu. Kwenye treni ndoo inakaa miguuni pangu, naiona mpaka nashuka.

Na wakulima wa mpunga wana kilio kikubwa kuliko changu. Wanunuzi wanaingia na malori mpaka shambani, wanashindilia gunia hadi linashonewa kofia juu, na mkulima anakubali kwa kuwa hana namna nyingine ya kuufikisha mpunga sokoni. Lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi namna hiyo, imekatazwa kisheria, kila mtu anajua, na kila msimu inashonwa mchana kweupe mbele ya viongozi wa kijiji. Hilo hamliandiki, mnaandika jukwaa tupu!

Ninaloomba ni hili: kuanzia Mei hadi Agosti, kila treni ya abiria inayotoka Mpanda ifungiwe behewa moja la mizigo, lenye kufuli, na mizani iwekwe jukwaani, mahali ambapo kila mtu anaona inavyosoma. Mkulima alete gunia la kawaida, lipimwe, apewe stakabadhi, alisindikize mwenyewe hadi Tabora. Na mwandishi wenu arudi Mpanda siku ya treni, awahi kabla haijaondoka, awaulize waliokalia mizigo yao wanakwenda wapi na kwa nini hawakupanda basi.

Muuza asali,
Mpanda, Katavi
(Jina na anwani nimempa mhariri)